Nilivyoziba Mdomo wa Lambo

Kosa langu la kwanza la uhandisi nililifanya nikiwa na miaka kumi na moja, kabla sijajua hata kuliandika neno lenyewe: niliziba mdomo wa lambo la kijiji chetu. Niliuziba vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba kazi yenyewe ilikuwa nzuri.

Mlio wa rika langu, mliokulia upande wa Handeni, hamhitaji kuelezwa lambo ni nini. Wanaohitaji ni hawa wadogo zetu wanaofungua bomba, wakaliacha limwage ndoo nzima huku wanacheka na simu. Wadogo zangu, lambo ni shimo kubwa lililochimbwa na katapila bondeni, likazungushiwa tuta la udongo upande wa chini ili maji ya mvua yasiende zake. Masika yakipita, lile shimo ndilo bomba, ndilo kisima, ndilo tangi. Wanakunywa humo watu, mbuzi, ng'ombe na punda, na vyura ni wenyeji. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Bibi aliyachuja kwa kanga kuukuu, akayaacha mtungini yatulie, na bado chai ya asubuhi ilikuwa na ladha ya bonde. Hata leo nikinywa chai iliyopikwa kwa maji masafi naona kama kuna kitu kimesahaulika.

Tuliamka na madumu. Kabla ya shule ilikuwa lazima uende lamboni, urudi, umwage mtungini, kisha ujaze chupa yako ya kupeleka shule, maana kila mwanafunzi alikuja na maji ya kunyunyizia sakafu ya vumbi na ufagio wa chelewa. Kuoga kulikuwa pasipoti: uso, mikono, miguu, basi. Aliyepaka mafuta mengi ndiye aliyeonekana ameoga. Jioni tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa mlenda, na Bibi alikuwa na neno moja ambalo nadhani alilisema kila siku ya maisha yangu: "Maji hayamwagwi, mwanangu. Anayemwaga maji atakuja kuyaomba."

Nililishika neno lile kuliko neno lolote la mwalimu. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika maneno. Wenzangu wakitengeneza magari ya waya, yakaenda kombo, walicheka na kuyaendesha hivyohivyo. Mimi la kwangu likienda kombo nililifumua lote, nikaanza upya, na tairi za kandambili nilizikata mara tatu mpaka zilingane. Ndiyo maana rafiki yangu Zuberi alianza kuniita Injinia, kwa kunikejeli, na jina likaganda. Nilikuwa simjui injinia hata mmoja. Nilidhani ni mtu ambaye vitu vyake havivuji.

Kisha nikamwona mmoja. Mwaka lambo lilipochimbwa alikuja na gari la serikali, dada mrefu mwenye kofia, akasimamisha darubini yenye miguu mitatu, akachungulia, akaandika, akachungulia tena. Tulimfuata kama nzi. Katapila lilipomaliza tuta, akaamuru pembeni kabisa, kule kwenye miiba, lichimbwe pengo, upana wake hatua nne za mtu mzima, kina chake kiunoni kwangu. Yeye aliliita utoro wa maji, na sisi ambao utoro tuliujua wa shule tu tulicheka mpaka akatutazama. Watu wakaliita mdomo. Ulipokuja msimu wa mvua lambo likajaa, na lilipofika usawa wa pengo maji yakaanza kutoka pale, yakashuka porini, yakapotea.

Hebu fikiri jinsi kijiji cha watu wa madumu kilivyolipokea jambo hilo.

"Huyu dada kasoma wapi?" aliuliza mama mmoja jirani yetu. "Katuchimbia chungu, kisha kakitoboa!"

"Labda kijijini kwao mvua hunyesha kila siku," Zuberi akadakia, akapigwa kofi la kichwa kwa kuingilia maneno ya wakubwa, ingawa wakubwa wenyewe walikuwa wanacheka.

Asiyecheka alikuwa Mzee Mhando, mlinzi wa lambo. Alikuwa mtu mwembamba, macho yake yameanza kuingia ukungu, kila siku amekaa karibu na hori la ng'ombe na fimbo yake yenye alama za kisu za kupimia kina. Ukimuuliza habari ya mdomo, jibu lake lilikuwa moja: "Nimeambiwa usizibwe. Sababu sikuambiwa. Lakini nimeambiwa." Kwa kuwa macho yalikuwa hayamsaidii tena, aliulinda kwa masikio. Mvua ikinyesha alitega sikio upande wa miiba, na akisikia maji yanashuka kule alisema, "Mdomo unasema," kisha anarudi kwenye ugoro wake.

Likizo ya Desemba nilipelekwa Dindira, kule milimani, kwa mjomba, kaka yake mama. Wanaopajua Dindira wanajua kwamba mtoto wa Handeni akifika kule anaweza kulia. Ukungu, baridi, chai imefunika vilima kama mkeka wa kijani, na maji, maji yanapita mbele ya mlango wa mjomba mchana kutwa bila mtu kuyatazama. Siku ya kwanza nilikaa mferejini nikijaribu kuyahesabu kwa madumu. Mjomba alinicheka, kisha akanifundisha kazi. Walikuwa na kibwawa kidogo juu ya shamba, wanakiziba kikajaa, kisha wanakifungulia kumwagilia mboga. Alinionyesha jinsi ya kupanga mawe makubwa chini na madogo juu, kujaza majani ya mgomba katikati, kukandika udongo wa mfinyanzi, na kupima usawa kwa chupa ya maji iliyolazwa.

"Maji ni kama mbuzi, mjomba," aliniambia huku akisugua udongo mikononi. "Ukiziba pengo la zizi, yanatulia."

Nilirudi Handeni nikiwa injinia.

Mwezi mzima wa kiangazi kilichofuata, baada ya shule, mimi na Zuberi tulikuwa kwenye miiba. Hakuna mtu aliyepita huko. Mdomo wakati wa ukavu ni mtaro tu wenye majani makavu. Migomba hatukuwa nayo, tukatumia makatani mabovu ambayo baba yake Zuberi alikuwa akileta kutoka mashamba ya mkonge ya Korogwe. Udongo wa mfinyanzi hatukuwa nao, tukavunja kichuguu, na mnajua udongo wa kichuguu ukikandwa na ukakauka unavyokuwa. Zuberi alichoka siku ya tatu. Mimi niliona ufa mdogo kama unywele, nikabomoa sehemu nzima, nikaikandika upya. Nilipima kwa chupa mpaka ukuta wangu ukawa usawa mmoja na kichwa cha tuta pale ulipoungana nalo. Mwishoni niliulainisha kwa maji ya chupa yangu ya shule, na kabla haujakauka nikaweka kiganja changu juu yake, nikakandamiza.

"Sasa mwizi gani anaacha sahihi?" Zuberi aliuliza.

"Si wizi," nilimwambia. "Watakuja kunishukuru."

Mwaka ule masika yalianza vizuri. Maji yakapanda yakafika usawa wa mdomo, yakaendelea. Yakapita alama ya juu kabisa ya fimbo ya Mzee Mhando, ikabidi achonge nyingine. Watu walikuja kuyatazama kama wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Msikitini shukrani zikatolewa. Bibi alisimama juu ya tuta, mikono kiunoni, akasema mwaka huu hatutakwenda kuchota mbali hata siku moja. Mimi nilisimama nyuma yake, moyo umenijaa, nikitafuta namna ya kuwaambia kwamba ni mimi.

Mzee Mhando peke yake hakuwa na raha. "Mbona mwaka huu mdomo hausemi?" aliwauliza watu pale horini.

"Mzee, usituletee nuksi," alijibiwa. "Neema imekuja, wewe unauliza kelele."

"Siulizi kelele. Nauliza maji ya juu ya alama yanakwenda wapi."

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, dumu langu kichwani. Nilimsikia vizuri. Mwezi mzima kwenye miiba sikuwahi kujiuliza swali lile. Nilifikiri: nikisema leo wataubomoa ukuta, na neema itaondoka, na itakuwa mimi niliyeiondoa. Nikaweka sawa ngata yangu, nikaenda nyumbani. Kama kuna siku moja ningepewa niirudie, ni hiyo, wala si siku ya kukandika.

Mvua kubwa ilikuja baada ya siku chache, tukiwa shuleni. Ilinyesha tangu mapumziko mpaka vipindi vikaisha, ikigonga bati hata mwalimu akaacha kufundisha, akakaa. Tulipotoka, bonde lilikuwa linanguruma, tukakimbilia lamboni. Ukuta wangu ulikuwa umesimama. Lakini tuta katikati, pale punda na watu walipozoea kuvukia, lilikuwa limechakaa na kushuka kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, na mimi na chupa yangu hatukupima pale. Maji yakaona. Yalipita juu kwanza kama kamba nyembamba, nadhifu, ukadhani ni kitu cha kupendeza. Kisha kamba ikala udongo ikawa mfereji, mfereji ukawa lango, na tuta likafunguka kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Nilimwona Mzee Mhando upande wa pili akikimbia kuelekea kwenye miiba, mkono mmoja mbele kama mtu anayetafuta mlango gizani. Alichelewa.

Lambo liliisha kabla Bibi hajasonga ugali. Mahindi yake yaliyokuwa bondeni yalikwenda nalo. Hakufa mtu, Mungu alituhurumia. Kesho yake samaki wadogo walikuwa wanarukaruka kwenye tope, na watoto wengine wanawaokota kwa furaha.

Mjomba hakunidanganya. Maji ya Dindira ni mbuzi kweli. Maji ya Handeni ni ng'ombe mia waliovamiwa na nyuki. Hilo halikuwemo katika somo lake kwa sababu yeye hakuwahi kuwaona.

Watu walipokwenda kuukagua mdomo, mimi nilikuwa nimetangulia, nimejificha kwenye miiba. Aliyefika wa kwanza alikuwa Mzee Mhando. Akapiga magoti, akaupapasa ukuta kwa vidole, polepole, toka upande mmoja mpaka mwingine, kama mtu anayesoma. Vidole vikafika kwenye kiganja. Vikasimama. Akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya kile changu, na changu kikapotea chini yake. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akasikia sauti za watu zinakuja, akainuka, akachukua fimbo, akakigonga kile kipande mpaka kikabomoka chote.

Injinia aliitwa. Alifika baada ya siku mbili, akasimama mbele ya kazi yangu, akaigusa kwa kiatu. "Aliyeziba hapa ni fundi," alisema. "Tuta langu limekwenda, ukuta wake umebaki." Halafu akawaeleza watu, na ile ndiyo siku niliyosikia kwa mara ya kwanza uhandisi ni kitu gani. Alisema kujenga tuta kila mtu anaweza. Kazi yake yeye ilikuwa kuifikiria mvua ambayo hakuna mtu pale amewahi kuiona, na kuitafutia njia ya kupita kabla haijaja. Mdomo haukuwekwa kwa ajili ya maji ya kila mwaka. Uliwekwa kwa ajili ya siku moja.

Bibi ndiye aliyemjibu. "Mbona hukutuambia hayo, mwanangu?"

"Niliandika kwenye ripoti, bibi."

"Ripoti tungeichota kwa ndoo gani?"

Watu walicheka, kicheko kikavu. Yule dada hakucheka. Alivua kofia, akasema, "Kweli, bibi. Hilo ni langu." Sijawahi kumsahau kwa neno hilo. Alikuwa mtu mzima mwenye elimu yake, na alitamka mbele ya kijiji kizima kitu ambacho mimi sikuweza kukitamka hata kwa Bibi yangu.

Kwenye mkutano wa kijiji waliuliza nani kaziba. Zuberi alinitazama, nikamtazama. Wengine walikuwa tayari na jibu: Mzee Mhando ana bustani ya mchicha chini ya tuta, nani ajuaye, labda aliuziba apate maji mengi ya kumwagilia. Mzee alisimama na fimbo yake. "Kazi yangu ilikuwa kuulinda mdomo," alisema. "Umezibwa, nami nipo. Basi kosa ni langu." Akakaa. Hakutazama upande wangu. Labda hakuweza kuniona, labda hakutaka. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa na watoto, nimeficha mikono chini ya mapaja.

Walimwondoa kazini. Kiangazi kile tulichota maji mbali kuliko wakati wowote, tukitoka kiza bado kipo na kurudi jua likiwa kali, na kila mama aliyeweka dumu chini kupumzika alilitaja jina lake vibaya. Alivumilia miezi kadhaa. Kisha bintiye aliyeolewa Mashewa akaja kumchukua. Nilimwona akipanda gari, fimbo imefungwa pamoja na mkeka. Nikamwamkia. "Marahaba, Injinia," alijibu, na gari likaondoka. Bibi yangu alikufa miaka kadhaa baadaye akiamini kwamba Mhando ndiye aliyetumaliza.

Sasa naishi Korogwe mjini. Chuo sikufika. Nilijifunza kwa mitambo mibovu ya watu, kwa kitabu kimoja cha haidroliki, elimu ya mwendo wa maji, nilichokinunua kwa fundi mzee kikiwa hakina jalada, na kwa simu, nikiangalia video moja mara kumi mpaka bando linakwisha. Nafunga pampu, nalaza mabomba, napima usawa wa mitaro. Watu bado wananiita Injinia, na kila wakiniita natazama mikono yangu. Nikimaliza kazi siondoki. Narudi kupima mara ya pili, ya tatu, wateja wananicheka, vijana wangu wanakasirika. "Bosi, si tumeshapima?" Tumeshapima. Lakini mimi najua kiganja kimoja cha udongo kinaweza kukosewa wapi.

Miaka miwili iliyopita nilipata kazi ya pampu karibu na Mashewa, nikaulizia. Nilimkuta amekaa mlangoni, macho yamefunga kabisa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, nimeyafumua na kuyapanga upya kama gari la waya.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni wa kule kwenu, Handeni. Nimekuja kukwambia habari ya lile lambo..."

"Mdomo uko wazi?" aliuliza.

Bintiye, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, akacheka kwa aibu. "Kaka, usijali. Ndiyo maamkizi yake siku hizi. Kumbukumbu imekwisha. Anamuuliza hata shehe, hata daktari. Sisi wenyewe hatujui ni mdomo wa nini."

Mimi nilijua. Katika vyote alivyokuwa navyo mtu yule, ameoa, amezika, amelima, kilichobaki kichwani ni kile nilichokiziba mimi. Nilimwambia yote, hata hivyo, kuanzia Dindira mpaka kiganja. Nilimwambia binti pia, na binti akaacha kuchambua maharage, hakunionyesha tena uso wa kucheka. Mzee alisikiliza kwa upole, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Nilipomaliza akauliza tena.

"Sasa uko wazi?"

Nilichokijua kilikuwa cha kusikia tu. Lambo lilikuwa limechimbwa upya na mdomo wake umejengwa kwa zege, lakini mimi nilikuwa na miaka mingi sijakanyaga pale. Kesho yake nilipanda gari nikaenda Handeni. Siku hizi kijiji kina bomba, linatoa maji siku linapotaka, na lambo limeachiwa mifugo. Mlinzi hakuna. Vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya tuta wanapiga picha za simu, nikawauliza mdomo uko upande gani. "Mdomo wa nani, bro?" Nikaingia kwenye miiba mwenyewe. Zege lilikuwa zima, lakini mtaro ulikuwa umejaa matawi, chupa za plastiki na udongo ulioletwa na mvua, karibu nusu. Nilivua shati nikafukua mpaka alasiri.

Nikarudi Mashewa na kumwambia, "Uko wazi, mzee." Akaitikia kwa kichwa, kisha baada ya dakika tano akaniuliza tena.

Amekwishafariki. Enzi zetu maji yalikuwa machache, lakini kulikuwa na mtu aliyeyasikiliza. Leo maji ni mengi kidogo, na anayeyasikiliza sijui ni nani. Kilichobadilika kwangu ni hiki: tangu nilipomkuta Mashewa, kila mwaka kabla ya masika nakwenda kuufukua mdomo ule kwa mikono yangu, kijijini nimekwishawaambia ni nani aliyeuziba, na kazi yoyote ninayomaliza siondoki mpaka nimemweleza mteja kwa nini nimeacha pengo.